Mlituuliza: Ukumbi wa maigizo shuleni, kuanzia darini hadi waya wa mwisho

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu kumbi za maigizo. Si ajabu. Kenya sasa ina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu, na huko Tanzania shule zinazofundisha sanaa za maonesho zimechoka kuigizia chini ya mwembe. Tumechagua barua sita na kuzifupisha. Majibu hatukuyafupisha sana.

Ndugu mhariri, salaam. Tunataka kuligeuza bwalo letu liwe ukumbi wa maigizo. Lina mita 24 kwa 14, kuta za matofali zilizopigwa plasta, kimo cha mita 6, mabati bila dari. Maneno ya waigizaji hayaeleweki hata ukikaa mstari wa tano. Kamati imependekeza tununue spika nne kubwa. Je, zitatosha?
*Mwalimu wa fasihi, Morogoro*

Mwalimu, isimamisheni kwanza hiyo oda ya spika. Tatizo lenu ni mwangwi, na spika ikiongeza sauti inaongeza na mwangwi wake. Mtakuwa na kelele kubwa zaidi ya maneno yaleyale yasiyoeleweka.

Hesabu yake ni rahisi, na wanafunzi wa fizikia wanaweza kuifanya. Ilitokana na Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeanza mwaka 1895 kuchunguza ukumbi wa mihadhara ambao ndani yake hapakusikika neno. Chukua ujazo wa ukumbi, zidisha kwa 0.161, kisha gawanya kwa unyonyaji wa sauti wa vitu vyote vilivyomo. Jibu ni sekunde ambazo sauti inachukua hadi kufifia kabisa.

Ujazo wenu ni mita za ujazo 2,016. Sakafu, kuta na paa kwa pamoja ni mita za mraba 1,128, na vitu vigumu kama saruji na plasta hunyonya kama asilimia 3 tu ya sauti inayovigonga. Hiyo ni sawa na mita za mraba 34 za unyonyaji. Ukigawanya unapata zaidi ya sekunde 9. Madirisha yaliyo wazi na meza hupunguza kiasi, lakini mnajionea wenyewe hali ilivyo. Wakiingia watu 300, kila mmoja na nguo zake akinyonya kama 0.45, sauti itafifia kwa sekunde 1.9. Maigizo ya mazungumzo kwenye ukumbi wa ukubwa huo yanataka sekunde 0.8 hadi 1.0.

Pengo hilo mtalijaza kwa mita za mraba 200 hivi za kitu laini kinachonyonya asilimia 60. Mtashuka hadi sekunde 1.1, na mkishatundika mapazia mazito ya jukwaani mtakuwa mmegusa sekunde 1.

Wapi pa kuweka? Anzeni na ukuta wa nyuma, ule unaotazamana na jukwaa. Sauti ikitoka jukwaani, ikagonga pale na kurudi, imesafiri karibu mita 48, na inamfikia mwigizaji imechelewa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ndiyo maana anaanza kusitasita. Tengenezeni fremu za mbao za sentimita 60 kwa 120, kina sentimita 5, mjaze pamba ya madini, ile inayozungushiwa mabomba ya mvuke. Vaeni glovu na barakoa, inawasha. Fremu 62 zinawapa karibu mita 45 za mraba. Zitundikeni zikiwa zimeachana na ukuta kwa sentimita 5, maana upenyo huo huwasaidia kunasa sauti nzito. Kitambaa cha kufunika kipimeni kwa mdomo: pulizeni, pumzi isipopita na sauti haitapita. Khanga ya pamba inafaa. Turubai halifai.

Mita 155 zilizobaki zikae darini, sehemu ya nyuma na kandokando. Dari ya mbele, katikati, juu ya watazamaji wa mistari ya kwanza, iacheni ngumu, kwa sababu inarusha sauti ya mwigizaji kuelekea nyuma bila gharama yoyote. Tumeona kumbi zilizofunikwa kila mahali hadi mwigizaji akawa kama anaongea ndani ya godoro.

Na hapo neno moja la ukali. Trei za mayai hazinyonyi chochote cha maana, na zinawaka kama karatasi. Sponji ya magodoro inawaka haraka zaidi na moshi wake unaua. Visitundikwe kwenye ukumbi wa watoto, hata mhisani akivitoa bure.

Kuna mvua pia. Bati tupu likipigwa na mvua ya masika, hakuna mwigizaji wala spika itakayoshindana nalo. Tandazeni blanketi la pamba ya madini likiwa limegusa bati kabisa, ili lizuie mtetemo, kisha chini yake pigeni dari ya jipsamu tabaka mbili za milimita 12.5. Zile mita 155 laini zitaning'inia chini ya dari hiyo. Lakini tabaka mbili zina uzito wa kilo 18 hivi kwa mita ya mraba, na kwa ukumbi wenu hizo ni tani 6 juu ya vichwa vya watu. Mhandisi aziangalie kenchi kabla fundi hajapiga msumari wa kwanza. Kenchi zikishindwa, ni heri kupanga maonyesho wakati wa kiangazi.

Mhariri, tunajenga ukumbi mpya wa viti 300. Ramani inaonyesha jukwaa lenye kimo cha mita 1.5, upana 12 na kina 4, pamoja na mnara wa kuinulia mandhari (picha na kuta za kuigizia). Mwasemaje?
*Mjumbe wa bodi ya shule, Kilifi*

Jukwaa hilo ni refu mno kwenda juu na fupi mno kwenda nyuma. Mtu mzima akikaa, jicho lake liko kama mita 1.15 kutoka sakafuni, na la mtoto liko chini zaidi. Jukwaa la mita 1.5 litawaficha miguu ya wachezaji wale wa mbele wote, na ngoma isiyoonekana miguu ni nusu ya ngoma. Lishusheni hadi sentimita 90.

Kina cha mita 4 kinatosha hotuba ya mgeni rasmi. Kikundi cha kughani mashairi au ngoma ya watu 25 kinahitaji mita 7: mita 6 za kuchezea na mita 1 nyuma ya pazia la mwisho, ili mwigizaji aliyetokea kushoto aweze kuingilia kulia bila kuonekana. Upana wa mlango wa jukwaa uwe mita 9. Kila upande acheni mita 3 za pembeni zilizofichika, na zisigeuke stoo ya viti vibovu. Hapo ndipo waigizaji wanaposubiri, meza ya vifaa inapokaa, na msimamizi wa jukwaa anaposimama.

Mnara wa kuinulia mandhari uondoeni. Unakula fedha nyingi, unahitaji fundi aliyesomea mizani yake, na kamba yake ikiachia, uzito wake unaanguka na kuua. Kwa shule, mabomba yasiyosogea juu ya jukwaa yanatosha, na mandhari zitaingia kwa magurudumu kutoka pembeni.

Upande wa watazamaji: mistari 15 ya viti 20, nafasi ya sentimita 90 kutoka mgongo wa kiti hadi mgongo wa kingine, na njia mbili za mita 1.2. Hiyo ni takriban mita 13.5 kwa 12.4. Aliye nyuma kabisa atakuwa mita 16 hivi kutoka jukwaani, na bado atausoma uso wa mwigizaji. Mistari minne ya kwanza ikae sakafuni kwa kupishana, kila mtu atazame katikati ya vichwa viwili. Kuanzia wa tano, kila mstari upande kwa sentimita 15 au zaidi. Vinginevyo watoto wa nyuma watasimama juu ya viti.

Kuhusu sakafu ya jukwaa, msimwage zege likaishia hapo. Zege linaumiza magoti na vifundo vya wachezaji, na mandhari haiwezi kupigiliwa msumari. Wekeni maboriti, juu yake mbao zilizoachana sentimita 40 moja hadi nyingine, plaiwudi ya milimita 18, kisha hadibodi iliyopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Hadibodi ndiyo inayochakaa, na kuibadilisha ni kazi ya siku moja. Mbao zote ziwe zimetiwa dawa, maana Pwani mchwa hawasubiri ufunguzi. Mwambieni mhandisi akadirie mzigo wa kilo 500 kwa kila mita ya mraba.

Mwisho, ramani yenu haina njia ya kiti cha magurudumu kufika jukwaani. Mteremko unaokubalika ni 1 kwa 12, kwa hiyo kimo cha sentimita 90 kinataka mteremko wa mita 10.8, bila kuhesabu sehemu bapa za kupumzikia. Hautaingia ndani ya ukumbi. Upitisheni nje, ukutani, uingilie pembeni mwa jukwaa. Ukisahauliwa sasa hautapata nafasi tena, na hii ndiyo sababu nyingine ya kulishusha jukwaa.

Habari za kazi. Mimi ni fundi umeme. Shule imepewa taa 24 za jukwaani za halojeni, kila moja wati 1,000. Kuna wanaosema tuziache tununue za LED. Nifanyeje, na nyaya za mawasiliano ya LED zinaungwaje?
*Fundi, Mwanza*

Fundi, taa hizo zote zikiwaka ni kilowati 24. Kwa volti 230 hizo ni ampea 104, na hapo bado mashine za kupunguza mwanga na joto lake. Balbu ya aina hiyo huishi takriban saa 300. Taa 24 za LED za wati 200 ni kilowati 4.8, yaani ampea 21. Gawa kwenye saketi nne za ampea 16, kila moja na kinga ya kuvuja umeme ya miliampea 30. Tumia breka za aina ya C, kwa sababu LED zikiwashwa kwa mpigo huvuta mkondo mkubwa kwa kitambo kidogo na breka ya kawaida itakatika bila kosa lolote. Taa za halojeni chache zinaweza kubaki za kufundishia, kama mashine zake zipo.

Kosa linaloua LED nyingi ni kuzichomeka kwenye mashine ya kupunguza mwanga ya halojeni. LED inataka umeme kamili muda wote. Mwanga unapunguzwa kwa amri inayopita waya wa data, mfumo uitwao DMX512.

Waya huo unatoka meza ya taa, unaingia taa ya kwanza, unatoka unaingia ya pili, hivyo hivyo hadi ya mwisho. Usiutawanye kama matawi. Ukitaka matawi, weka kifaa cha kugawanya mawimbi. Mstari mmoja usizidi taa 32. Kwenye tundu la kutokea la taa ya mwisho chomeka plagi yenye rezista ya omu 120 kati ya pini ya 2 na ya 3. Ukiiacha, mawimbi yanarudi nyuma, na utaona taa za mwisho zinapepesa bila mpangilio. Watu hulaumu taa kumbe ni plagi ya bei ya soda. Waya wa maikrofoni unaingia kwenye matundu yenye pini tatu na kwa mita chache utaonekana kufanya kazi, lakini haukutengenezwa kwa data. Nunua waya wa data wenyewe.

Kisha kila taa ipewe anwani. Kama taa inatumia chaneli 8, ya kwanza ni 1, ya pili 9, ya tatu 17, na ya 24 itakuwa 185. Jumla chaneli 192 kati ya 512. Taa mbili zikifanya kitu kimoja bila kuamriwa, zina anwani moja. Andika anwani kwa rangi kwenye mgongo wa taa.

Mgawanyo wake: jukwaa la mita 9 kwa 6 ligawe maeneo sita ya mita 3 kwa 3. Kila eneo lipate taa mbili za mbele, moja kutoka kushoto na moja kulia, na moja ya nyuma inayomtenga mwigizaji na pazia. Hizo ni 18. Sita zinazobaki zimulike kitambaa cha nyuma au pembeni. Bomba la taa za mbele likae mita 5.5 kutoka sakafuni na kama mita 4 mbele ya mahali mwigizaji anaposimama, ili mwanga umfikie kwa nyuzi 35 hadi 45. Ukiwa wima mno macho yanageuka mashimo meusi. Ukilala mno kivuli chake kinapanda ukutani. Maeneo ya nyuma ya jukwaa yanataka bomba la pili.

Usinunue zenye nyekundu, kijani na buluu peke yake. Nyeupe inayochanganywa kwa rangi hizo tatu huifanya ngozi nyeusi ionekane ya kijivu, kama mgonjwa. Za mbele ziwe za mwanga mweupe wenye joto, zenye alama ya CRI, yaani kipimo cha kuonyesha rangi kwa uhalisi wake, ya 90 au zaidi. Za rangi zikae nyuma na pembeni.

Bomba liwe la kipenyo cha nje cha milimita 48.3, ambalo dukani huitwa la inchi moja na nusu, kwani ndicho kipimo cha vibanio vingi vya taa. Bomba la mita 9 lenye taa 12 za kilo 10 linakaribia kilo 150, basi lishikiliwe kila mita 2 na mhandisi athibitishe kenchi. Kila taa iwe na kibanio chake, na zaidi yake waya wa chuma wa usalama uliozungushwa kwenye bomba. Anayepanda ngazi afunge spana kwa kamba mkononi. Chini yake asipite mtu.

Huko kwenu Ziwa Victoria radi ni nyingi. Weka kinga ya mawimbi ya umeme kwenye ubao mkuu, erthi ipimwe, na baada ya kila onyesho swichi kuu ya jukwaa izimwe.

Shikamoo mhariri. Maiki zetu zinapiga mluzi kila tukipandisha sauti. Spika tumeziweka nyuma ya waigizaji ili nao wasikie. Tufanyeje?
*Mwanafunzi wa kidato cha tano, Iringa*

Marahaba. Spika zikiwa nyuma, maiki inaisikia spika, spika inaitoa tena, maiki inaisikia tena, na huo ndio mluzi. Zihamishieni mbele ya mstari wa maiki, pembeni mwa jukwaa, juu ya vichwa, zimwelekee mtazamaji wa nyuma. Maiki isiyotumika izimwe: kila idadi ya maiki zilizo wazi inapozidishwa mara mbili, mnapoteza desibeli 3 za nafasi ya kupandisha. Anayeshika kwa mkono aiweke sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni na asikifunike kichwa cha maiki kwa kiganja, kama wanavyofanya wanamuziki wa video. Mkisikia muungurumo wa chini usiokoma, angalieni kama waya wa sauti umelazwa pamoja na waya wa umeme. Ukilazimika kuuvuka, uvuke kwa pembe mraba.

Ila kwa watazamaji 200, igizo halihitaji maiki. Mfumo wa sauti uwe wa muziki na milio ya jukwaani. Mfanye mazoezi ya pumzi.

Mhariri, klabu yetu haina fedha za mahameli. Je, tunaweza kushona mapazia kwa kaniki?
*Mlezi wa klabu ya maigizo, Kigoma*

Mwalimu, kaniki moja hupitisha mwanga. Jaribu kwa tochi ya simu nyuma yake. Ikishonwa mbili pamoja inafaa mapazia membamba ya pembeni, lakini pazia kuu linataka kitambaa kizito. Kwa mlango wa mita 9, kila nusu ya pazia ifunike mita 5 ili zipishane katikati, na nguo iwe mara mbili ya upana huo ili ijikunje vizuri. Jumla mita 20. Kitambaa cha upana wa mita 1.5 kitahitaji vipande 14, na kwa kimo cha mita 4.5 pamoja na mapindo, kila kipande mita 4.8. Nunueni mita 68. Kama kina manyoya, vipande vyote vielekee upande mmoja, la sivyo kila cha pili kitaonekana na rangi tofauti. Mnyororo mwembamba ndani ya pindo la chini hulifanya lianguke sawasawa.

Kitambaa cha nyuma kiwe merikani, kisijikunje, mishono ikiwa ya kulala. Kifungwe kamba juu kila sentimita 30, na chini kiingizwe bomba la kukinyoosha.

Vitambaa vyote vya pamba vitiwe dawa ya kupunguza moto. Kwa lita 10 za maji ya moto yeyusheni gramu 700 za boraksi na gramu 300 za asidi ya boriki, mloweke, mkamue kidogo, mwanike. Kazi hiyo ifanywe na watu wazima wenye glovu. Kisha kateni ukanda, mkaushike kwa koleo nje ya jengo, na mwashe kiberiti chini yake kwa sekunde 12: ukiuondolea moto, unapaswa kuzimika wenyewe. Kila mkifua, dawa yote inaondoka na mnaanza upya. Kwa poliesta dawa hii haisaidii.

Tumeziba madirisha ili kupata giza. Nusu saa tu watoto wanazirai kwa joto. Kuna njia?
*Mkuu wa shule, Dar es Salaam*

Mtu aliyekaa hutoa joto la wati 100 hivi. Watu 300 ni kilowati 30, sawa na pasi 25 zimewashwa pamoja ndani ya chumba kilichofungwa. Pangaboi hazitoi joto hilo nje, zinalizungusha tu, na zikiwa chini ya taa hukatakata mwanga.

Hewa inaweza kupita mahali ambapo mwanga haupiti, kwa sababu hewa inapinda kona. Toboeni matundu chini ya kuta, kila tundu liingie kwenye kasha la mbao lenye kona mbili, ndani limepakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Juu kabisa ya paa wekeni matundu ya kutokea ya namna hiyohiyo, na feni za kuvuta nje zinazozunguka polepole. Feni ndogo ya kasi inapiga kelele. Jumla ya matundu ya chini isipungue asilimia 5 ya eneo la sakafu, na ya juu hivyohivyo. Ingizeni hewa kutoka upande wenye kivuli, mbali na jiko na vyoo.

Na kama mlipoziba madirisha mlifunga na mlango wa pili, ufungueni leo. Ukumbi wa watu 300 unahitaji angalau milango miwili iliyo mbali mmoja na mwingine, upana wa mita 1.2 au zaidi, inayofunguka kuelekea nje kwa kusukuma ufito wa usalama uliolazwa mlangoni. Kufuli lisikae mlangoni wakati kuna watu ndani, hata kama lengo ni kuzuia wasiolipa kiingilio. Juu ya kila mlango iwepo taa ya dharura yenye betri yake. Ijaribuni kila mwezi: zimeni breka kuu, na taa isiyodumu saa nzima ibadilishwe betri kabla ya onyesho linalofuata.